Ukimaliza Sosholojia, Utakuwa Nani?

SWALI: Shikamoo Mshauri. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na nimechaguliwa kusoma shahada ya kwanza ya sosholojia katika chuo kikuu kimoja hapa nchini. Mama hana neno. Baba mdogo, ambaye ndiye aliyenisomesha, huniuliza swali moja kila tunapokaa kula: "Ukimaliza utakuwa nani?" Anasema mwalimu ni mwalimu na mhasibu ni mhasibu, lakini hajapata kumwona mtu anayelipwa mshahara kwa kuwa mwanasosholojia. Nami nimekosa la kumjibu. Je, nithibitishe nafasi hii, au niombe ualimu katika awamu ijayo ya udahili?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimjibu baba yako mdogo kwa hasira, kwa sababu ameona jambo la kweli: barua za ajira zenye cheo cha "mwanasosholojia" ni chache mno. Wahitimu wa somo hili huajiriwa kwa majina mengine, na ndiyo maana hajawaona ijapokuwa huenda amewahi kuhudumiwa nao. Katika halmashauri, Afisa Maendeleo ya Jamii ndiye anayepokea na kuchambua maombi ya vikundi vinavyotaka mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na matangazo ya nafasi hiyo kwa kawaida huitaja sosholojia, wakati mwingine kwa jina la "elimu ya jamii", miongoni mwa shahada zinazokubalika.

Wengine wako mahali ambapo watu hawatarajii kuwakuta. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza, na tathmini hiyo haiishii kwenye miti na maji. Chukua bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Mthamini anaweza kukadiria thamani ya shamba na ya minazi iliyomo, lakini ni nani atakayeuliza kama fidia itiwe saini na mume peke yake au na mke pia, kaburi la ukoo lihamishwe kwa utaratibu gani, na yule aliyekuwa akilima kwa kuazimwa, asiye na karatasi yoyote, ahesabiwe wapi? Kazi ya namna hiyo inamhitaji mtu aliyefundishwa kuuliza.

Hapo ndipo lilipo jibu lako, na ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu sosholojia kwa sababu eti "inapanua mawazo". Shahada hii haikupi cheo. Inakupa ufundi wa kuichunguza jamii, na asiyeupata ufundi huo ametoka na cheti tu. Katika miaka 3 utasoma nadharia nyingi, utawajua wanazuoni wa somo hili, Marx, Durkheim na Weber, kuliko unavyowajua wajomba zako, na ukibahatika utasikia habari za Ibn Khaldun wa Tunis, aliyeandika juu ya mshikamano wa jamii na kuanguka kwa dola mwaka 1377, karne kadhaa kabla Auguste Comte hajalipa somo hili jina lake katika miaka ya 1830. (Mwulize mhadhiri wako kwa nini Ibn Khaldun hupewa nusu saa na Comte wiki nzima.) Hayo yote ni ya lazima, lakini mwajiri hatakuuliza Weber alisema nini. Atakuuliza kama unaweza kuandaa hojaji, kuchagua sampuli, kuongoza majadiliano ya kikundi bila kumwachia mwenyekiti wa kijiji azungumze peke yake, na kuandika ripoti inayosomeka.

Nilipofanya utafiti wangu wa kwanza katika kijiji cha wafugaji, hojaji yangu ilianza na swali: "Una ng'ombe wangapi?" Mzee niliyemuuliza alinitazama, akajibu, "Wachache tu," na kuanzia hapo hakuna jibu lake lililokuwa na maana. Nilikuwa sawa na mgeni anayeingia nyumbani kwa mtu na kuomba kuona salio lake la benki kabla ya kukaribishwa kiti. Niliharibu tena nilipoandika "mkuu wa kaya" nikimaanisha mume, katika boma lenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, chungu chake na ghala lake. Je, hiyo ni kaya 1 au 3? Swali hilo dogo hubadilisha hesabu ya chakula cha msaada, ya vyandarua, hata ya sensa, na sikulielewa darasani mpaka nilipoaibika uwanjani.

Kwa hiyo, ukiwa unaupenda udadisi wa namna hiyo, thibitisha nafasi yako. Kama unachotaka hasa ni kuwahudumia watoto na familia zenye matatizo, mmoja baada ya mwingine, tazama kwanza programu za Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam. Na kama unavutwa na kuhamasisha vijiji, tazama za Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Arusha. Ualimu uombe ikiwa unataka kufundisha, si kwa ajili ya kupata jina la kumtajia baba mdogo. Yeye mweleze hivi: "Nitakuwa mtu anayetumwa kwenda kujua kwa nini mradi umekwama." Pampu ya kijiji ikiharibika, fundi huitengeneza, lakini ikiharibika mara ya tatu, na mfuko wa maji hauna hela, na wanawake wanaochota hawana sauti katika kamati, fundi hana la kufanya.

SWALI: Niko mwaka wa pili wa sosholojia. Nilikuja huku nikikimbia hisabati, na sasa nimekutana na takwimu. Je, ninaweza kuikwepa kwa kufanya utafiti wa mahojiano pekee?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Kozi ya lazima huwezi kuikwepa, na usitafute njia. Utafiti wa mahojiano ni halali kabisa, ila si rahisi kama unavyodhani: saa 1 ya mazungumzo yaliyorekodiwa inaweza kukugharimu saa 4 au zaidi za kuyaandika, kabla hujaanza kuyachambua. Takwimu za shahada ya kwanza zinadai zaidi uelewe asilimia, wastani na uhusiano wa vigezo viwili, na hesabu yenyewe hufanywa na programu ya kompyuta kama SPSS au R. Keti na mwenzako anayeielewa, mchukue jedwali moja la ripoti ya sensa ya mwaka 2022, mkoa wako mwenyewe, na mjaribu kulieleza kwa Kiswahili cha kawaida bila kutaja namba hata moja. Mkikwama, mpelekeeni mhadhiri jedwali hilo hilo.