Laptopu haina mdomo wa diski, na Office umeshainunua

Mwaka 2019 mama mkubwa alinipigia simu jioni. Shikamoo, marahaba, kisha akaja na lake: "Mwanangu, mbona hii laptopu mpya haina mdomo?" Alikuwa na kasha la Office Home and Student 2010, yaani programu za Word, Excel na wenzake, kalitunza kabatini na vyombo vya wageni. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekufa, na hii mpya, nyembamba kama sinia, haikuwa na pa kuingizia diski.

Kabla sijafika, fundi wa mtaani alikuwa ameshamshauri aitupe ile diski, yeye amwekee Office "ya bure" kwa shilingi elfu kumi. Maana yake ya kukraki, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni. Ukiona mtu anazima kwanza antivairasi ndipo aingize programu, chukua laptopu yako uondoke.

Nilichomweleza mama mkubwa ni kwamba ile diski ni gari tu la kubebea. Alichokilipia ni leseni, yaani ile namba ya herufi na tarakimu 25 iliyobandikwa ndani ya kasha. Diski ikivunjika una pa kushika. Namba ikipotea, umeumia.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Nilihitaji kompyuta yoyote yenye mdomo wa diski, na siku hizi hizo zimeadimika. Wengine hukimbilia kununua kisomeo cha diski cha kuchomeka kwa USB. Kwa kazi ya siku moja mimi naona ni hasara. Nenda kwa wale wanaopiga video za harusi: wamechoma dividii miaka yote na mashine zao bado wanazo. Nilifungua diski pale studio, nikakopi kila kilichomo kwenye folda moja ya flashi ya GB 8. Nyumbani nikaihamishia folda ile ndani ya laptopu yenyewe, nikabofya faili linaloitwa setup. Usiendeshe kutoka kwenye flashi, maana mkono ukiigusa ikachomoka katikati, unaanza upya.

Ikagoma. Laptopu ilikuja na Office ya majaribio ya 64-bit, na mimi nilikuwa naingiza ya 32-bit. Hizo ni aina mbili za programu ile ile, na hazikai nyumba moja. Nikafungua Control Panel, sehemu ya mipangilio ya Windows, nikaiondoa ile ya majaribio, nikazima na kuwasha, ndipo ikaingia.

Ikafika zamu ya namba, nayo ikakataliwa mara tatu. Miwani ya mama mkubwa na macho yangu vyote vilisoma 8, kumbe ni B. Namba za leseni za Office za enzi ile hazina irabu hata moja, wala sifuri, wala moja. Kwa hiyo ukidhani umeona O, tazama tena: ni Q au D. Wanaobaki kukusumbua ni B na 8, G na 6. Tukaunganisha intaneti ya simu, ikathibitishwa, basi.

Lakini hiyo ilikuwa 2019. Microsoft iliacha kuitunza Office 2010 tarehe 13 Oktoba 2020, na za 2016 na 2019 zikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiuziwa leo kasha la namna hiyo kwa bei ya kutupa, jua unanunua kitu kisichozibwa tena matundu ya usalama.

Matoleo mapya mara nyingi kasha lina kadi ya namba tu. Unaingia kwenye tovuti ya Microsoft, unaandika namba, na leseni inafungwa kwenye akaunti ya barua pepe uliyotumia. Hapa ndipo watu wanapoliwa. Jirani yangu alimwachia muuzaji akamfungulie akaunti "haraka haraka". Laptopu ilipobidi kufutwa yote na kuwekewa programu upya mwaka uliofuata, muuzaji hapatikani, nywila haijulikani, na namba ile haikubali akaunti nyingine. Tumia barua pepe yako, ukiwa umekaa wewe mwenyewe mbele ya kioo.

Ukishaingia kwenye akaunti, usibofye kupakua ukiwa na bando la kubahatisha. Faili dogo unalopewa kwanza ni dalali tu, mzigo wenyewe wa magigabaiti huvutwa baadaye. Tafuta pale pale chaguo la kupakua faili zima la kusakinisha bila intaneti. Kalipakue kwenye waifai ya ofisini, uende nalo nyumbani. Ni faili la img, na kwenye Windows 10 au 11 ukilibofya mara mbili, kompyuta inalifungua kana kwamba umeingiza diski. Intaneti kidogo utaihitaji mwishoni, kuthibitisha leseni.

Flashi ikikuambia faili ni kubwa mno wakati unaona ina nafasi tele, usiitupe. Imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ambayo haibebi faili moja la kufika GB 4. Hamisha vilivyomo, ifomati upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi unaobeba mafaili makubwa, kisha ukopi tena.