Kabla Hujawasha Grainda: Kwa Mnaoanza Kutengeneza Zana za Kale za Dhahabu

Kila baada ya wiki chache kijana hunijia hapa Kamukunji, Nairobi, na sururu iliyoshika kutu, anataka nimwonyeshe namna ya kuing'arisha. Amesikia kwamba zana za wachimba dhahabu wa zamani zina wateja: wenye hoteli, wanaopamba nyumba, na watu wanaotafuta vitu vya babu zao. Ni kweli, wateja wapo. Lakini kwanza namkalisha kwenye kigoda, naiweka sururu magotini mwake, namwambia aitazame bila kuigusa na chochote. Wengi hawadumu dakika tano.

Sababu ya kuwa mkali hivyo ninayo. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii, mama mmoja kutoka Kakamega aliniletea sururu ya marehemu babu yake. Nikadhani anataka isafishwe. Nikaipitisha kwenye grainda, ikametameta kama sahani ya harusi. Aliporudi akaipapasa karibu na tundu la mpini, akaniuliza, "Mwanangu, hapa palikuwa na herufi. Zilisema nini?" Sikuwa na jibu. Zilikuwa zimeshakuwa vumbi miguuni pangu. Hakunigombeza. Alinilipa, akaifunga sururu kwa leso yake, akaenda. Alikuwa amekuja kutafuta ukweli wa masimulizi ya babu yake, nami niliufuta kwa mikono yangu.

Kwa hiyo anza na mafuta ya taa, brashi laini ya meno na kitambaa. Loweka usiku kucha kama kutu ni nene. Kisha ingia pembeni kwenye giza kidogo, washa tochi ya simu na uilaze mwanga uje kwa ubavu, usimulike kwa juu. Herufi ambazo hukuziona mchana zitainuka zenyewe. Ukizipaka chaki na kufuta juu juu, zitasomeka.

Hapa Nairobi herufi utakazokutana nazo mara nyingi ni za reli, maana mji wenyewe ulizaliwa na reli mwaka 1899. Zijue kama unavyojua kalenda. Jina Uganda Railway lilitumika mpaka katikati ya miaka ya 1920. Baadaye likaja K.U.R. & H., yaani reli na bandari za Kenya na Uganda. Kuanzia 1948 ni E.A.R. & H., ya Afrika Mashariki nzima. Sasa mtu akikuletea sururu yenye E.A.R. & H. akisema ndiyo iliyotumika Kakamega dhahabu ilipogunduliwa 1931, mwambie kwa heshima kwamba haiwezekani, chapa hiyo haikuwapo bado. Ingeweza kufika machimboni baadaye, kwa sababu mgodi wa Rosterman, hukohuko Kakamega, uliendelea hadi 1952. Chapa inakwambia zana ilianzia wapi. Haikwambii ilimalizia wapi. Alama ya mshale wa mistari mitatu, kama unyayo wa kuku, ni mali ya serikali ya Uingereza. Neno Sheffield ni mji wa Uingereza ilikotengenezwa zana, na zana za Sheffield zilitapakaa kila mahali, kwa hiyo peke yake halithibitishi dhahabu.

Umbo nalo lisome. Sururu yenye ncha upande mmoja na upande wa pili kichwa butu kipana, kama herufi T, ni ya kushindilia kokoto chini ya mataruma ya reli. Nimeona nyingi zikiuzwa kama za dhahabu. Ya mgodini ina ncha upande mmoja na upande mwingine kichwa kifupi cha nyundo, kwa sababu mle ndani mtu alihitaji kuchokoa mwamba na kugonga tindo bila kubadilisha chombo. Ya mtafutaji wa juu ya ardhi, anayetembea na kuonja miamba, ni ndogo na nyepesi, hubebwa kiunoni.

Halafu chukua futi, pima kutoka kwenye tundu hadi ncha. Kama sururu ina ncha mbili na moja ni fupi kuliko nyingine, usiikate ile ndefu ili zilingane! Nimemwona fundi akifanya hivyo, roho ikaniuma. Dhahabu ya Kakamega hukaa kwenye mishipa ya kwazi, jiwe gumu linalokwangua kioo bila shida, na ncha ya sururu hailiwezi muda mrefu. Mhunzi huirudisha motoni na kuivuta upya, na kila mvuto unapunguza urefu. Ule ufupi ni miaka ya kazi ya mtu.

Moto ni wa zana inayorudi kazini tu. Vijana wa Ikolomani na Migori bado wanachimba kwa sururu, mtaimbo na tindo, na hizo nazinoa kwa furaha. Pasha ncha mpaka sumaku ikatae kuishika, karibu nyuzi 770, ongeza kidogo, chovya. Isugue ing'ae, kisha irudishie joto taratibu ukitazama rangi itambae. Ikifika manjano ya majani makavu, simamisha. Ukiiacha ifike buluu italegea, ukiiruka hatua hii itakatika kama biskuti. Zana ya kumbukumbu usiipashe moto kamwe, utafuta ugumu aliouweka mhunzi wa kwanza.

Sasa hili nalisema kwa uchungu, na ningeomba mlisome mara mbili. Karai, beseni na vinu vya chuma vilivyotumika kusafishia dhahabu vinaweza kuwa na zebaki. Zebaki hushika chembe za dhahabu, kisha mchimbaji huichoma iondoke, dhahabu ibaki. Inayosalia hujificha kwenye mikunjo na mishono ya chombo, miaka na miaka. Huchemka kwenye nyuzi 357, joto ambalo tanuri letu hulipita upesi, na hata ikiwa baridi hutoa mvuke kidogo kidogo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, nao hushambulia ubongo na figo. Fikirieni vibanda vyetu vilivyobanana, na akina mama wanaotupikia githeri hatua tatu kutoka kwenye moto. Ukiona vitone vyeupe kama fedha kwenye chombo cha aina hiyo, usikichome, usikisugue, usikipeleke nyumbani. Kifunge kwenye mfuko mzito usiopitisha hewa, ukiweke nje mbali na watu. Na karai lililopakwa zinki usilitie motoni hata kama halijawahi kuona dhahabu. Moshi wake mweupe utakutetemesha usiku kama mwenye malaria.

Tope lililoganda kwenye tundu liloweshe kabla ya kulichokoa. Vumbi kavu la kwazi huharibu mapafu, na mapafu hayana spea.

Mwisho ni mpini. Wa sururu hauingii kama wa nyundo. Unaupitisha kwenye tundu kutoka juu, upande mwembamba ukitangulia, unateleza chini mpaka unene wa kichwa chake ukwame. Hauhitaji kabari wala msumari, na kila pigo linaukaza zaidi. Ukikuta kabari, ujue kuna mtu alitia mpini usio wake. Kwa zana ya kazi tumia mkaratusi uliokauka vizuri. Kwa zana ya kale acha mpini wake hata kama umepasuka, upake mafuta ya kitani, kisha uuangalie kwa ule mwanga wa ubavu. Karibu na mwisho utaona doa moja jeusi la jasho, pale mkono wa nyuma ulipotulia. Kutoka katikati kwenda juu mti umelainika kama mfupa. Huko ndiko mkono wa mbele ulikokuwa ukiteleza, pigo baada ya pigo.