Barua kwa mwanangu: Babu yako na ile tiketi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema juzi ulipomfuata mtoto shuleni ulisimama langoni ukamwuliza mwalimu, "Huyu naye ni wa nani?", mtoto akaangua kilio, na nyumbani mkeo akakwambia hiyo ni tabia ya Babu na wewe umeirithi. Sasa unaniuliza kama ni kweli Babu alikuwa akitutania sisi watoto wake mpaka tulie.

Kutania, alimtania kila mtu. Wewe mwenyewe alikupeleka kule makumbusho ya reli, akakuonyesha behewa la Ryall, yule afisa wa polisi wa reli aliyenyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900. Watu wamesimama kimya, wanasoma maelezo kwa heshima. Babu yako akashika kiuno: "Huyu simba alipanda bila tiketi, akashuka na abiria, na mpaka leo hajatozwa faini." Ukaenda kuirudia darasani, mwalimu akaniita mimi.

Lakini kulia ni habari nyingine. Ya treni umeisikia kwake tu, na kwake ilikuwa ikinenepa kila mwaka. Isikie kwangu.

Ilikuwa likizo ya Desemba, kabla Reli ya Afrika Mashariki haijasambaratika mwaka 1977. Tulikaa Makongeni, Nairobi, nyumba za reli, na jamaa za wafanyakazi walikuwa wakipewa pasi za kusafiria. Usiku huo Baba alikuwa kazini kwenye treni ya Mombasa. Sisi tukapanda daraja la tatu na Nyanya yako, mabenchi ya mbao, watu wamebanana na magunia na kuku. Tulipopita Athi River akaingia: kofia, koti la vifungo vinavyong'aa, koleo la kutobolea tiketi mkononi. Nilijaa fahari. Niliwaambia wote waliokaa karibu kwamba yule ni baba yangu. Akakagua benchi baada ya benchi, zile tiketi za kadi ngumu, ko, ko, ko, mpaka akafika kwangu. Akanyoosha mkono.

"Binti, tiketi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Baba!"

Akaligeukia behewa zima. "Mnamsikia? Nikidai tiketi, kila mtu humu ananiita baba."

Watu walicheka mpaka kuku wakaamka. Nyanya yako alikuwa ametazama dirishani, mabega yanatikisika. Kumbe naye yumo. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na kwa muda ule mfupi niliamini kweli kwamba hanijui. Nililia kilio cha kwikwi. Mwenyewe sasa amelala makaburini Lang'ata, na bado nikiandika hapa koo linanikaba.

Ndipo mama mmoja mwenye kapu la machungwa akaniinamia sikioni: "Mwambie naye atoe yake." Nikajifuta kamasi, nikapanda juu ya benchi.

"Na wewe tiketi yako iko wapi?"

Ungeliona behewa lile! Baba akapapasa mifuko ya koti. Akapapasa ya suruali. Akavua kofia akachungulia ndani, akairudisha kichwani haraka. Akapiga goti kati ya magunia: "Mama, nisamehe, nishushe hata Konza, nina watoto wadogo nyumbani." Nikamwambia Konza ni mbali, atashuka hapa hapa, porini. Abiria wakaanza kunisihi. Mzee mmoja akajitolea kumdhamini. Mwishowe nikamtoza soda, akailipa asubuhi Mombasa, na njia nzima nilikula machungwa ya bure. Pasi yangu ilikuwa ndani ya kofia yake muda wote.

Ndiyo maana nina ule msemo wangu mliouchoka, kwamba mzaha ni ule unaomwachia mwenzako nafasi ya kujibu. Nilikwambia ulipokuwa ukimtania dada yako juu ya mitihani, na leo nakwambia tena. Baba alijua nitajibu. Hapana, ngoja. Aliyejua ni yule mama wa machungwa. Je, angekuwa amekaa benchi jingine? Baba angeendelea mpaka wapi, mpaka stesheni ya Emali? Namtetea mchana, usiku namshtaki. Kunipenda alinipenda, hilo halina mjadala, ila mtoto wa umri ule anatazama uso, na ule uso haukucheka. Halafu najijibu kwamba tangu usiku ule sijamwogopa mtu yeyote mwenye sare.

Naye alipenda kujibiwa. Unakumbuka 2017 tulipompandisha SGR, ile treni mpya ya Mombasa. Wewe ndiye uliyekata tiketi, shilingi 700 kila mtu. Kule Syokimau mizigo ikapangwa mstari mbwa aje kuinusa. Mzee akavua kofia akaiweka mwisho wa mstari: "Hii inusweni vizuri, ina makosa ya tangu enzi za mkoloni." Yule askari msichana hakutikisika: "Mzee, huyu mbwa ni mdogo, hayo alikuwa hajazaliwa." Babu yako alicheka mpaka tukamshika mkono. Aliisimulia mpaka Mombasa, na kila mara aliyeshinda ni yule msichana. Nzuri kwake ilikuwa ile aliyoshindwa.

Jambo moja nimeligundua baada ya kusoma ujumbe wako. Ile ya treni alikuwa akiianzia pale nilipopanda juu ya benchi. Simba aliongeza, faini aliongeza, lakini kilio changu alikuwa anakiruka, kila mara, hata tukiwa wawili tu. Basi alikuwa akikikumbuka.

Kati yako na mkeo siingii. Mkwe wangu ananiheshimu, na mama mkwe wa aina ile tunayoijua sitaki kuwa. Maneno ninayo, yako ulimini kabisa, nayameza kwa shida. Ila umeniandikia ulichosema wewe, alichosema mwalimu, alichosema mkeo. Mtoto alijibu nini? Kama alijibu, niandikie neno kwa neno. Kama hakujibu, mlete Jumamosi umwache hapa mpaka jioni. Nina kazi naye.

Mama yako