Kichwa cha kroshia kwa taulo la jikoni: ushauri kwa anayeanza

Taulo la jikoni lenye kichwa cha kroshia, yaani sehemu ya juu iliyofumwa yenye mkanda na kifungo cha kulining'inizia, ni kazi ndogo. Ukishajua mnyororo, mshono mfupi, mshono mrefu na namna ya kupunguza mishono, umeshajua vyote vinavyotakiwa, na ukianza asubuhi taulo linaweza kuning'inia kwenye mpini wa oveni kabla jua halijazama. Ndiyo maana wengi huichagua baada ya kumaliza vitambaa vya mraba vya kujifunzia, na ni chaguo zuri. Ila ninaowafundisha huwa na haraka ya kufika kwenye kufuma, na mataulo ninayoletewa niyatengeneze, karibu yote yameharibikia sehemu moja: pale uzi unapoingia kwenye kitambaa. Mkanda wa juu mzima, kifungo kizima, ukingo wa taulo umechanika. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye ukingo, na mengine nitayapitia tu.

Kwanza taulo lenyewe. Chukua la pamba tupu, lililofumwa bapa au lenye vishimo vya mraba. Taulo nene la manyoya manyoya linapendeza machoni, lakini sindano ya kroshia hunasa kila inapopita, na tundu ulilotoboa hulioni tena. Liache hadi mkono uzoee. Kama lina picha au maandishi, litazame vizuri kabla ya kulikata, maana utalikata katikati na nusu moja itaning'inia picha ikiwa kichwa chini miguu juu. La mistari au la rangi moja halina shida hiyo.

Halafu lifue. Maji ya moto, likauke kabisa, kisha lipige pasi. Pamba mpya hurudi inapofuliwa mara za kwanza, na ikirudi baada ya wewe kuifumia, kichwa hubaki na upana wake huku taulo likipungua, na ukingo unakuwa na mawimbi ambayo pasi haiyanyooshi. Kuna faida nyingine: mataulo mengi mapya hutoka kiwandani na dawa inayofanya maji yateleze juu badala ya kunyonywa, na kufua huiondoa. Usiweke dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa nayo hupunguza kunyonya.

Uzi uwe wa pamba. Hapa nasisitiza. Akriliki ina rangi nyingi na ni laini mkononi, lakini hainyonyi maji vizuri, na ikikutana na joto kali hulegea, hata kuyeyuka. Kichwa hiki kitakaa kwenye mpini wa oveni. Sufu nayo hushikamana na kupungua kwenye maji ya moto. Tafuta pamba ya unene wa kati, ile ambayo lebo yake mara nyingi huwa na namba 4, na sindano ya milimita 5. Kichwa kimoja hakifiki gramu 50. Ukichagua rangi iliyokolea, nyekundu hasa, lowesha kipande kwenye maji ya uvuguvugu kisha kikandamize juu ya kitambaa cheupe. Ikichuja hapo, itachuja kwenye taulo.

Sasa ukingo.

Kata taulo katikati, ukipita upana wake, upate vipande viwili. Kila kipande kina pindo la kiwandani chini na ukingo mbichi juu. Wapo wanaokunja taulo zima bila kulikata ili lining'inie tabaka mbili. Linanyonya sana, sikatai, ila linachelewa kukauka, na kutoboa tabaka mbili zikalingana kunataka mkono uliozoea. Anza na nusu. Ukingo mbichi ukunje mara mbili, kila mkunjo sentimita 1, kisha upige mstari wa cherehani. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, mishono midogo iliyokaribiana.

Matundu yanakaa chini kidogo ya mstari huo wa cherehani. Yasiwe juu yake, yasiwe ndani ya pindo. Fikiria kinachotokea taulo likiwa limelowa na mtu anajifutia mikono: analivuta kwenda chini. Uzi uliopita chini ya pindo huvutwa ukakutana na kitambaa kilichokunjwa na kushonwa, ukatulia hapo. Uzi uliopita kwenye ukingo usio na pindo hukutana na nyuzi moja moja za kitambaa. Nyuzi hizo husogea, tundu hupanuka, na siku moja linafunguka hadi juu.

Weka alama kwa chaki ya fundi au penseli. Taulo la upana wa sentimita 40, anza nusu sentimita kutoka pembeni, kisha alama kila sentimita 1, na utapata matundu 40. Taulo lako likiwa na sentimita 42, usiongeze matundu mawili. Tawanya yale 40 yaachane kidogo zaidi, au yafanye 44. Idadi igawanyike kwa 4, kwa sababu utaipunguza nusu mara mbili.

Kutoboa ni kutenganisha nyuzi, si kuzikata. Mkasi uweke mbali. Tumia msharasi kama wa fundi viatu, au sindano nene yenye ncha: ichomeke kwenye alama, izungushe taratibu kati ya vidole huku ukisukuma, na utaona nyuzi za kitambaa zikijisogeza pembeni na kuacha duara dogo. Ukisikia mlio wa kitu kinachokatika, umelazimisha. Sogea milimita mbili pembeni utoboe upya. Tundu la namna hii hujifunga lenyewe taulo likifuliwa, na kuushika uzi barabara.

Maelekezo mengi hukwambia uingize sindano ya kroshia moja kwa moja kwenye matundu na kuanza kufuma. Inawezekana, kwa sindano nyembamba ya chuma. Mimi nawaelekeza wanaoanza waweke kwanza mshono wa blanketi kwa shazia (sindano kubwa ya kushonea) na uzi uleule: ingia kwenye tundu, toka, pitisha shazia ndani ya kitanzi, vuta, nenda tundu linalofuata. Juu ya ukingo panabaki safu ya vitanzi vilivyolala, na hivyo ndivyo utakavyofumia. Sindano ya kroshia haigusi taulo hata mara moja.

Kila baada ya matundu kumi hivi, lilaze taulo mezani ulitazame. Pindo likikunjamana kati ya tundu na tundu, umevuta mno. Kitanzi kikiinuka hata kidole kikapita chini yake, umelegeza mno. Irekebishe papo hapo, kwa sababu ukishafika mwisho uzi hauwezi kuhama kutoka upande huu kwenda ule. Hatua hii inachukua muda mrefu kuliko kichwa chenyewe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kuanzia hapo kazi inakwenda. Safu ya kwanza, mishono mifupi 40, mmoja kwa kila kitanzi. Vitanzi vya kati ni 39, basi kona moja ipe miwili. Taulo litaanza kujikusanya, usishtuke. Kwa uzi na sindano hiyo mishono mifupi 40 huchukua takriban sentimita 28, na taulo ni pana kuliko hapo. Safu ya pili, unganisha miwili miwili, ibaki 20. Ya tatu usipunguze. Ya nne unganisha tena, ibaki 10. Ya tano usipunguze. Ya sita punguza mmoja kila upande, ibaki 8. Hesabu mwisho wa kila safu. Mshono unaopotea kwa anayeanza karibu kila mara ni ule wa mwisho kabisa pembeni, kwa hiyo uwekee pini.

Ukifuata maelekezo ya mtu mwingine, angalia kwanza kama ameandika kwa mtindo wa Marekani au wa Uingereza. Jina lilelile ni la mshono mfupi kwa hawa na la mshono mrefu kwa wale, na mkanda unaweza kutoka mrefu maradufu ya uliokusudiwa.

Mkanda ni mishono mirefu 8, kwenda na kurudi. Usiulize safu ngapi, pima. Zungusha utepe kwenye mpini utakaotumika, ongeza sentimita 6 au 7, na huo ndio urefu. Kama ni zawadi na hujui mpini wa mwenyewe, sentimita 16 hadi 18 hutosha mipini mingi. Zikibaki safu mbili, rudi kwenye mishono mifupi na uache tundu la kifungo: mitatu, mnyororo wa viwili, ruka miwili, mitatu. Safu inayofuata fuma miwili ndani ya mnyororo ule. Kifungo cha sentimita 2 na nusu kinafaa. Tundu likibana kidogo mwanzoni ni vizuri, maana pamba hulegea na haijikazi tena.

Kifungo kishone kwa uzi imara wa kushonea, mahali mkanda unapoanzia, na upande wa nyuma weka kifungo kingine kidogo bapa, nyuzi zipite katika vyote viwili. Bila hicho cha nyuma, uzi mwembamba wa kushonea hukata ule wa kufuma kila taulo linapovutwa. Ncha za uzi zifiche kwa kwenda, kurudi, na kwenda tena kwa njia tofauti, kwa kuwa pamba huteleza ikachomoza.

Lining'inize kwenye mpini wa oveni au wa droo, mbali na mwali ulio wazi. Kulianika, libane kwa pindo la chini. Kichwa kilicholowa kikibeba uzito wa taulo zima hurefuka. Na taulo likichakaa, kichwa usikitupe. Kata uzi wa mshono wa blanketi peke yake, toa taulo kuukuu, na safu ya kwanza haitafumuka. Toboa nusu nyingine kwa vipimo vilevile, kisha kwa shazia na uzi mpya shona mguu wa kila mshono mfupi kwenye tundu lake.