Kabla hujanunua dawa ya kuongeza maziwa

Mwanangu wa kwanza alipofikisha siku sita nilikuwa nimechoka hata kulia. Tulipanga Igoma, Mwanza, jua la mchana limelala juu ya bati, mtoto ananyonya dakika tatu anasinzia, akiamka ni kilio. Jirani aliyekuja kunipa hongera akatoa hukumu: "Huna maziwa wewe, mama. Tafuta dawa." Jioni hiyo mume wangu akarudi na kichupa cha maji ya mitishamba, rangi kama chai ya rangi. Hakikuandikwa jina la mmea wala kiasi cha kunywa. Nilikunywa siku nne. Niliharisha, na maziwa yakabaki vile vile.

Siku ya kumi tukaenda kliniki. Mtoto alikuwa hajarudia uzito wa kuzaliwa. Muuguzi, mama wa makamo, akasema tu, "Hebu mnyonyeshe nikuone, mwanangu."

Akanitazama kwa muda. Mtoto alikuwa ameshika chuchu peke yake, mashavu yanabonyea. Muuguzi akapenyeza kidole pembeni ya mdomo wake akamwachisha, akamgeuza tukawa tumbo kwa tumbo, akamgusisha chuchu kwenye mdomo wa juu, akangoja. Mtoto alipopanua kinywa kama anayepiga mwayo, akamsogeza kwenye titi, si titi kwa mtoto, mpaka sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu ikaingia. Nikaanza kusikia anameza. Sikuwahi kuisikia sauti ile kwa siku zote kumi.

Ndipo nilipoelewa maziwa yanatoka wapi. Kila mtoto anaponyonya, mwili wa mama unatoa homoni ya prolaktini inayoamuru maziwa yatengenezwe, na usiku hupanda zaidi. Titi likibaki limejaa, mwili unapunguza kazi. Kwa hiyo mtoto mchanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Ukinywa mitishamba huku mtoto hakushika vizuri, unajaza ndoo isiyotekwa.

Sisemi mimea haina nafasi. Mama mkwe alipokuja kutoka Sengerema alinilowekea mbegu za uwatu usiku kucha, asubuhi akazitia kwenye uji wa ulezi. Mchungu, lakini niliunywa. Majani ya mlonge tuliyatia kwenye supu ya sato wa Kirumba, na nilijisikia nina nguvu. Yana protini, kalsiamu na madini ya chuma, na Wafilipino nao huwapikia wanaonyonyesha. Ila tafiti za uwatu ni ndogo na majibu yake hayalingani, kwa hiyo anayekuapia kwamba maziwa yatafurika kesho anatafuta hela yako.

Na uwatu si chakula tu. Hushusha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa amuulize daktari kwanza, vile vile anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kama karanga zinakudhuru, uwatu nao unaweza kukudhuru, maana ni ukoo mmoja. Mjamzito asiutumie kama dawa. Jasho na mkojo vinaweza kunukia utamu kama sharubati, usishtuke. Kwa mlonge, tumia majani. Mizizi na magome achana nayo. Mimi nimebaki na mbegu na majani ninayoyaona kwa macho, kwa sababu dawa iliyokamuliwa ikatiwa chupani huwezi kujua ina nguvu kiasi gani. Mtoto mwenyewe asionjeshwe chochote kati ya hivyo. Mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu.

Dada zangu, kilio si kipimo cha maziwa, wala titi laini si kipimo. Hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano hivi, akikojoa angalau mara sita kwa siku, na akarudia uzito wake ndani ya wiki mbili hivi, anapata. Akikojoa kidogo au analala mno hataki hata kunyonya, usipite dukani, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sisi tulirudi kliniki baada ya wiki moja. Muuguzi akamweka kwenye mizani, akaandika, akatia nukta kwenye kadi na kunirudishia. Nilisimama pale mlangoni nikiitazama: ilikuwa imeipita nukta ya siku aliyozaliwa.