Jeli ya estrojeni ni ya kupaka, lakini kazi yake haiishii kwenye ngozi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 52 na hedhi ilikoma mwaka juzi. Kwa ajili ya joto la ghafla na jasho la usiku nimeandikiwa jeli ya estrojeni (homoni ya kike) ya kupaka mkononi kila asubuhi, pamoja na vidonge vya projesteroni vinavyonitia usingizi. Je, kwa kuwa dawa yenyewe ni ya kupaka tu, naweza kuviacha vidonge? Tena asubuhi ndipo ninapombeba mjukuu wangu.

JIBU: Marahaba, mama. Maadamu mfuko wa uzazi bado unao, vidonge usiviache. Neno "kupaka" huwapotosha wengi, kwa sababu mafuta ya kawaida hubaki juu ya ngozi, ilhali jeli hii hupenya, ikaingia katika damu na kuufikia mwili mzima. Estrojeni ikifanya kazi peke yake hunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, na utando huo usipodhibitiwa unaweza hatimaye kuota saratani. Projesteroni ndiyo kinga yake. Meza vidonge wakati wa kulala, na usingizi huo utakufaa.

Kuhusu mjukuu, umeuliza jambo ambalo wengi hawalifikirii. Watoto, hata wa kiume, waliogusa mara kwa mara ngozi iliyopakwa estrojeni wamewahi kuota matiti kabla ya umri. Paka kwenye ngozi safi na kavu, kamwe si kwenye titi wala sehemu za siri. Iache ikauke kwa dakika 5 hivi, nawa mikono kwa sabuni, kisha vaa nguo ya mikono mirefu kabla ya kumbeba. Usiloweshe mahali hapo kabla ya dakika 60 kupita. Mimi ningemuuliza mfamasia kama aina uliyo nayo inaruhusiwa kupakwa pajani, ambako mtoto hafiki kwa urahisi. Kwa kuwa jeli nyingi zina alkoholi, usisogelee jiko la mkaa wala la gesi kabla haijakauka.

Joto lisipopungua wiki ya kwanza, usijiongezee kipimo. Nafuu huja taratibu, na daktari atakupima upya baada ya miezi 3 hivi. Usingoje miadi hiyo ukiona damu usiyoitarajia ukeni, uvimbe kwenye titi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma.