Msisingizie korosho kila kitu

Mama ana vinundu juu ya vifundo vya vidole na kope zimevimba. Majirani wanasema ni mafuta ya korosho. Anapaka tyubu ya krimu ya dukani, mwezi wa tatu huu. (Newala)

Mafuta ya ganda la korosho huunguza pale yalipogusa, na ukiacha kubangua ngozi hupona. Hayachagui vifundo vya mikono yote miwili na kope kwa pamoja. Muulizeni mama: anainuka mkekani bila kushika ukuta? Anaweza kuinua mikono akasuka nywele? Kama hawezi, mpelekeni hospitali ya mkoa wiki hii, mkaulizie dematomayositisi, yaani kinga ya mwili kushambulia ngozi na misuli yake yenyewe. Maji yakianza kumpalia, nendeni siku hiyo hiyo. Vitabu husema kope huwa za zambarau, lakini kwenye ngozi yetu rangi hiyo huonekana kijivu au weusi uliokolea, na watu huidhania uchovu. Tyubu itupeni! Nyingi zina steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga: zinafifisha alama ambayo daktari angeisoma, zinachubua ngozi, na misuli inaendelea kulegea chini yake.

Kipimo cha ANA, kile cha damu kinachotafuta kingamwili (askari wa kinga) zinazolenga mwili wenyewe, kimetoka chanya. Nina lupasi, yaani kinga kushambulia viungo mbalimbali vya mwili? (Masasi)

Mara ngapi jamani? Mnanitumia karatasi bila kusema mnaumwa nini. Kwenye 1:40, yaani damu ikizimuliwa mara arobaini, karibu theluthi ya watu wazima wenye afya hutoka chanya. Anza na dalili.

Mdogo wangu ameonekana na kingamwili ya MDA5, moja ya zile za dematomayositisi, lakini misuli yake ina nguvu. Ni nafuu? (Lindi mjini)

Si nafuu. Hiyo mara nyingi huiacha misuli ikavamia mapafu, pengine ndani ya wiki chache. Vidonda vya viganjani na vifundoni ni alama yake. Akipata kikohozi kikavu, au akihema kwa mwendo mfupi, asingoje tarehe ya kliniki. Na wenye TIF1-gama, kingamwili nyingine ya ugonjwa huu huu, ambao ni watu wazima, daini kuchunguzwa saratani hata kama hamsikii maumivu popote.

Dematomayositisi inaambukiza? (Mikindani)

Hapana. Kuleni na mgonjwa sahani moja.

Nina dematomayositisi, nimepata nafuu na msimu wa korosho umeingia. Niache vidonge vya prednisoloni, vile vya steroidi? (Tandahimba)

Usiache ghafla. Ukivitumia kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo hulala, na kukatisha kwa siku moja kunaweza kukuangusha shambani. Daktari ndiye apunguze, polepole. Ukienda kuokota, vaa mikono mirefu na kofia pana, kwa sababu jua huuamsha upele huu.